Unapoanza kuunganisha Rust na violesura vya ufikivu vya Firefox

Mwaka nilioanza kazi hii nilikuwa nimepanga chumba Shangani, Mtwara mjini, na jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu ambaye alikuwa amepoteza uwezo wa kuona kabisa. Alitumia kompyuta kwa msaada wa NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 nchini Australia, kwa sauti ya eSpeak NG ambayo inajua Kiswahili, ingawa hukitamka kama mgeni aliyeshuka melini jana. Jioni moja aliniita akaniambia, "Mwanangu, hebu sikiliza. Inasema hapa pana kitufe, lakini kitufe cha nini, haisemi." Nilipotazama nikakuta picha ya bahasha tu, ambayo aliyetengeneza ukurasa hakuipa jina. Hadi siku ile nilidhani ufikivu, yaani kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia programu, ni habari ya rangi na ukubwa wa herufi. Kumbe kivinjari hujenga, sambamba na ukurasa, mti mzima wa vitu ambavyo kila kimoja kina jina, dhima, hali, mzazi na watoto, na mwalimu yule alikuwa akitembea ndani ya mti huo, si ndani ya ukurasa ninaouona mimi.

Ninayoyaandika hapa yanamhusu anayeanza kuugusa mti huo kwa lugha ya Rust ndani ya Firefox. Kwanza tuondoe dhana moja ambayo karibu kila mgeni huja nayo. Kiolesura (mkataba wa namna sehemu moja ya programu inavyoita nyingine) kiitwacho nsIAccessible, utakachokutana nacho mara tu ukifungua folda ya accessible/interfaces, sicho ambacho kisoma skrini hukisoma moja kwa moja. Kisoma skrini huongea na kivinjari kupitia njia za mfumo endeshi: kwenye Windows ni MSAA na IAccessible2 pamoja na UI Automation, na kwenye Linux ni AT-SPI. Kazi ya nsIAccessible ni ya ndani ya nyumba. Hutumiwa na majaribio ya kivinjari chenyewe na pia na paneli ya ukaguzi wa ufikivu iliyo katika zana za watengenezaji. Ukilijua hili mapema, hutapoteza wiki nzima ukitafuta kwa nini mabadiliko yako hayasikiki kwenye NVDA.

Violesura hivi ni vya XPCOM, mfumo unaounganisha vipande vya Firefox vilivyoandikwa kwa lugha tofauti, ambao ulikuwapo muda mrefu kabla Rust haijatoa toleo lake la 1.0 mwezi Mei 2015. Kila kiolesura huandikwa katika faili la IDL, lugha ndogo ya kueleza mkataba tu bila utekelezaji, na wakati wa kujenga Firefox skripti za Python husoma faili hilo na kutoa mambo kadhaa kwa mpigo: faili la vichwa (matangazo ya aina na mbinu) kwa ajili ya C++, taarifa za aina kwa ajili ya JavaScript, na viunganishi vya Rust, yaani msimbo unaoiwezesha Rust kuita kazi zilizoandikwa kwa C++ na kinyume chake. Viunganishi hivyo hutua katika folda ya matokeo, ndani ya dist/xpcrs, vikiwa vimegawanywa mara mbili: rt ni vile unavyovitumia programu inapokwenda, na bt ni maelezo yanayosomwa wakati wa kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) na makro, yaani msimbo unaozalisha msimbo mwingine, inayokusaidia kutekeleza kiolesura kwa Rust. Huna haja ya kuomba chochote. Faili la IDL likishaorodheshwa katika moz.build, faili linalotaja vya kujengwa, kiunganishi chake kinakuwapo.

Mimi sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba kuna chombo kiitwacho bindgen, kinachosoma vichwa vya C++ na kutoa Rust, na kwamba Firefox yenyewe hukitumia mahali pengine. Nilipokiona kikinitolea maelfu ya mistari nisiyoielewa, niliamua kuandika kiunganishi cha nsIAccessible kwa mkono, nikichukua tu zile mbinu, yaani kazi za kiolesura, nilizozihitaji. Naomba nieleze kosa lililofuata kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa hilo umeelewa sehemu kubwa ya kazi hii.

Kitu cha XPCOM, ukikitazama kwenye kumbukumbu, huanza na kielekezi, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, kinachoonyesha jedwali, na jedwali hilo ni safu ya vielekezi vya mbinu vilivyopangwa kwa mfuatano uleule wa faili la IDL. Nafasi tatu za mwanzo ni za nsISupports, kiolesura cha msingi: QueryInterface, AddRef na Release. Baada ya hapo zinafuata za kiolesura chenyewe. Mbinu haiitwi kwa jina. Jina ni la kutusaidia sisi binadamu. Mashine inakwenda kwenye nafasi ya saba au ya kumi na kurukia anwani iliyomo, basi.

Sasa, katika nsIAccessible sifa ya children inatangulia, kisha inafuata childCount. Ya kwanza hurejesha orodha ya aina nsIArray, na kwa kuwa sikuwa nimeandika nsIArray kwa upande wa Rust, nikairuka. Kila kilichokuwa chini yake kikapanda nafasi moja. Nilipoita GetChildCount, mashine ikaingia kwa jirani, katika GetChildren, ikiwa imebeba anwani ya namba yangu ya biti 32. Mbinu ile, kwa uaminifu wote, ikatengeneza orodha, ikaandika pale kielekezi cha biti 64, ikarudi na jibu kwamba mambo yamekwenda salama. Programu haikufa. Ilinipa idadi ya watoto iliyobadilika kila nilipoiendesha, mara mamilioni, mara namba hasi, na nusu ya pili ya kielekezi ikawa imefuta baiti nne za kitu kingine kilichokaa karibu. Juu ya hayo, orodha iliyotengenezwa haikuachiliwa kamwe, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba anaimiliki. Nilihangaika siku nne nikishuku mti wa ufikivu wenyewe, na kompaila ya Rust, ambayo kwa kawaida hugombeza hata kwa jambo dogo, ilikuwa kimya kabisa, kwa maana mimi ndiye niliyeandika neno unsafe, na kwa kuliandika nilikuwa nimeiapia kwamba jedwali ni sahihi.

Kwa hiyo usiandike jedwali kwa mkono, hata kama ni la mbinu mbili. Hata hivyo hilo halikuondolei wajibu wa kusoma kilichozalishwa. Fungua faili la rt la nsIAccessible ukitafute childCount, nawe utaona kwamba mstari mmoja wa IDL, usemao readonly attribute long childCount, umegeuka kuwa nafasi ya GetChildCount yenye sura hii:

unsafe extern "system" fn (this: *const nsIAccessible, aChildCount: *mut i32) -> nsresult

Kaa na mstari huo. Herufi kubwa na neno Get vimeongezwa, kwa kuwa sifa ya kusomwa tu huwa mbinu moja ya kuchukulia thamani. Jibu halirudi kama jibu. Hupitia kielekezi cha mwisho, na kinachorudi ni nsresult inayoeleza kufaulu au kushindwa. Maneno extern "system" yana maana yake: kwenye Windows ya biti 32 mbinu za XPCOM huitwa kwa utaratibu wa stdcall, tofauti na ule wa C, na maneno hayo huchagua utaratibu unaofaa kulingana na mfumo. Aliyeandika extern "C" atafanya kazi vizuri kwenye Linux, kisha avunje jengo la mwenzake.

La kutazamwa zaidi ni i32, namba kamili ya biti 32 katika Rust. Katika IDL hii, long ni biti 32 popote pale, na anayetaka 64 huandika long long. Katika C ya kwenye Linux ya biti 64, long ni biti 64, ilhali kwenye Windows ni 32. Mgeni anayekumbuka C huandika c_long, aina ya Rust inayofuata long ya C, akajaribu kwenye Windows, akaona sawa. Kwenye Linux, kama alianzisha namba yake kwa sifuri, hesabu ndogo za watoto zitatoka sawa pia, na hapo ndipo mtego ulipo. Siku atakayouliza indexInParent ya kitu kisicho na mzazi, badala ya -1 atapata 4294967295.

Zipo mbinu ambazo kizalishaji hakiwezi kuzitafsiri, hasa zile zinazopokea thamani ya JavaScript ya aina jsval au zinazorejesha kielekezi cha aina ya ndani ya C++. Kinachofanyika hapo ndicho nilichoshindwa kukifanya mimi: mbinu haitolewi kwa ajili ya kuitwa, lakini nafasi yake katika jedwali hubaki, ikishikiliwa na kielekezi kisicho na aina, na maelezo mafupi huandikwa ya kwa nini kiunganishi hakikuwezekana. Ukiona kompaila inakuambia kwamba mbinu fulani haipo wakati wewe unaiona kwenye IDL, nenda kasome maelezo hayo kabla hujamwuliza mtu. Mara nyingi dawa yake ni kuongeza kwenye IDL mbinu nyingine yenye aina rahisi, na hilo ni jambo la kujadiliana na wenye sehemu ya ufikivu, wala si la kuamua peke yako usiku.

Kuhusu umiliki nitasema kwa ufupi. Kielekezi cha kitu kinachokujia kupitia kigezo cha kutolea tayari kimeshahesabiwa kwa niaba yako, hivyo ukikiweka ndani ya RefPtr (kielekezi kinachohesabu wangapi wanakishikilia kitu, ili kifutwe hesabu ikifika sifuri) kwa njia inayoongeza hesabu tena, kitu hicho hakitakufa. Tumia getter_addrefs iliyo katika kreti, yaani maktaba ya Rust, ya xpcom. Imeandikwa kwa ajili ya hali hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba mbinu inaweza kufaulu na bado ikakupa kielekezi tupu, kwa mfano unapouliza mzazi wa shina la mti. Maandishi kama jina la kitufe hupokelewa kwa nsString ya kreti ya nsstring, si kwa String ya kawaida, kwa sababu kivinjari huyahifadhi kwa UTF-16, namna mojawapo ya kuwakilisha herufi kwa namba, ambayo si ile ya String. Vitu vya ufikivu vinaishi kwenye uzi mkuu, yaani mkondo mkuu wa utekelezaji wa programu, na RefPtr ya nsIAccessible haikubali kuhamishwa kwenda uzi mwingine. Kompaila ikikukatalia, iachie ishinde.

Dhima za vitu huja kama namba. Katika MSAA kitufe ni 43 na kiungo ni 30, na orodha ya Firefox iliifuata ile ya MSAA kwa sehemu yake ya mwanzo, jambo linalowashawishi wengi kuandika 43 ndani ya msimbo wao. Viunganishi vya nsIAccessibleRole vinakupa majina ya thamani hizo. Tumia majina.

Neno kuhusu mazingira yetu, kwa kuwa maelekezo mengi yameandikwa na watu wasiojua bando linavyoisha. Upo utaratibu wa kujenga Firefox kwa kupakua vipande vilivyokwisha kukompailiwa, nao huokoa muda sana kwa anayebadilisha JavaScript, lakini haukufai wewe, kwa sababu kubadilisha IDL au Rust kunadai jengo kamili. Tenga gigabaiti 30 za diski au zaidi, na RAM ya gigabaiti 8 kama uwezo unaruhusu. Mimi nilipakua msimbo wote mara moja kwenye intaneti ya ofisi ya rafiki yangu mitaa ya bandarini, nikaubeba kwenye diski ya nje hadi chumbani, na jengo la kwanza nikalianzisha saa nne usiku. Umeme ulikatika saa nane. Asubuhi niliamuru ./mach build tena, likaendelea na yaliyobaki bila kurudia yaliyokwisha, kwa hiyo usifute folda ya matokeo kwa hofu tu. Ila usichomeke kompyuta isiyo na betri moja kwa moja ukutani. UPS ndogo inalipa gharama yake.

Ukishapata jengo linalokwenda, andika kipande kifupi cha Rust kinachopokea kitu kimoja cha ufikivu, kichapishe jina, dhima, idadi ya watoto na nafasi yake kwa mzazi. Fungua ukurasa mdogo uliouandika mwenyewe, wenye kichwa cha habari, aya, kiungo na vitufe viwili ambavyo kimoja umekinyima jina makusudi. Kisha fungua paneli ya ukaguzi wa ufikivu katika Firefox hiyohiyo, utembee kwenye mti mkono kwa mkono na matokeo yako. Kitufe kisicho na jina kinapaswa kuonekana hakina jina pande zote mbili. Majina yakilingana lakini namba zikatofautiana, tazama upana wa aina kwanza. Kila kitu kikitofautiana kuanzia sifa fulani na kuendelea, shuku kwamba faili la IDL lilibadilika na kipande kimoja cha jengo hakikujengwa upya, ukahesabu nafasi za jedwali moja moja kuanzia QueryInterface.

Mwalimu yule bado tunaonana, siku hizi amehamia kwa mwanawe Mikindani. Nilipompelekea ukurasa wangu wa majaribio ausikilize, alifika kwenye kile kitufe nilichokinyima jina, akasimama. "Na hiki tena?" akauliza.