Mwanao Akichagua Kuruka na Kukimbia kwenye Theluji

Ndugu zangu wazazi mnaolea watoto Ufini, Norwei, Ujerumani na kwingineko kwenye theluji, iko siku mtoto atarudi kutoka shule aseme anataka kuingia mseto wa Nordiki, mchezo unaounganisha kuruka kwa skii na mbio za skii. Binti yangu alisema hivyo hapa Lahti, na tangu hapo nimesimama sana pembeni mwa vilima vya kurukia, nikiangalia na kuuliza. Ushauri wangu ni huu: mruhusu, tena kwa moyo mweupe. Ila tangu siku ya kwanza masomo na mchezo viende pamoja, kimoja kisingoje kingine kiishe.

Ndugu wa nyumbani wakisikia skii humkumbuka Philip Boit wa Kenya, aliyeshiriki mbio za masafa kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Hizo ni nusu tu ya mchezo huu. Nusu ya kwanza ni kuruka: mchezaji anateremka mnara akiwa na skii ndefu, pana, bila fimbo, anapaa hewani na kutua mbali kadiri awezavyo. Baadaye siku hiyohiyo anavaa skii nyembamba, anashika fimbo na kuingia mbioni. Pointi za kuruka hugeuzwa kuwa muda wa kuanzia. Kwa wanaume wanaokimbia kilomita 10, pointi 15 ni dakika nzima. Aliyeruka vizuri kuliko wote hutangulia, wengine wanamfukuza, na wa kwanza kuvuka mstari ndiye mshindi. Utaratibu huo ni wa Gunder Gundersen wa Norwei.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Kuruka kunataka mwili mwepesi na miguu inayofyatuka. Mbio zinataka pumzi na misuli inayovumilia. Ni kutumikia mabwana wawili. Mzazi, chunga sahani ya mwanao. Kijana anaweza kudhani akijinyima chakula ataruka mbali zaidi. Mwambie mapema kwamba sheria za mchezo zinafungamanisha urefu wa skii na uwiano wa uzito na kimo: anayekonda kupita kiasi hulazimika kuruka na skii fupi zaidi, na skii fupi hazimbebi vizuri hewani. Sisi nyumbani hatupimi uzito kabla ya mashindano. Anakula akashiba. Ukiona mtoto anaanza kukwepa meza, zungumza na kocha wiki hiyohiyo.

Sasa nieleze kwa nini nang'ang'ania masomo. Hannu Manninen, mchezaji wa mseto kutoka Rovaniemi, Ufini, alikwenda Olimpiki ya Lillehammer mwaka 1994 akiwa na miaka 15. Alitwaa Kombe la Dunia la jumla, linalohesabu mashindano ya msimu mzima, mara nne mfululizo, 2004 hadi 2007, na dhahabu ya timu Salt Lake City mwaka 2002. Pamoja na yote hayo, medali ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja hakuipata. Alisomea urubani, akawa rubani wa Finnair, shirika la ndege la Ufini, na bado akarudi kushindana. Jarl Magnus Riiber wa Norwei naye, bingwa wa Kombe la Dunia mara tano, aliacha mwaka 2025 akiwa na miaka 27 kwa sababu ya ugonjwa wa Crohn, maradhi sugu ya utumbo. Mwili hauulizi una vikombe vingapi.

Kwa binti kuna jambo jingine, na hili linaniuma. Wanaume wamo katika Olimpiki ya majira ya baridi tangu ile ya kwanza, Chamonix 1924. Wanawake walipata Kombe la Dunia lao Desemba 2020, na ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Oberstdorf, ambako Gyda Westvold Hansen alishinda. Lakini mwaka 2022 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua wasishiriki Milano Cortina 2026, ikitaja uchache wa nchi na wa watazamaji. Annika Malacinski wa Marekani na mdogo wake wa kiume, Niklas, wanacheza mchezo mmoja. Mlango ulikuwa wazi kwa kaka, ukafungwa kwa dada. Nilimweleza binti yangu haya bila kuyapunguza. Ana haki ya kuyajua, na ana haki ya kuendelea kuruka.

Kwa hiyo uliza maswali ya riziki mapema. Ujerumani, wachezaji wengi huajiriwa jeshini au forodha ili wapate mshahara huku wakifanya mazoezi. Ufini kuna shule za sekondari za michezo zinazopanga vipindi kuzunguka mazoezi ya asubuhi. Binti yangu yuko kwenye njia hiyo, na hesabu anaipenda kuliko mimi nilivyotarajia.

Kuhusu gharama, usikimbilie dukani. Watoto huanza na skii za kawaida za mteremko kwenye vilima vidogo sana, na klabu huwa na vifaa vya kuazima. Wala usisubiri theluji: kiangazi vilima hufunikwa plastiki iliyoloweshwa maji, na mbio hufanywa kwa skii za magurudumu barabarani. Mpeleke mtoto jioni moja ya mazoezi, akae na watoto wenzake, halafu mwachie kocha amwoneshe kilima kidogo kuliko vyote.