Kwa mnaoomba muda wa darubini kubwa kwa mara ya kwanza: sayansi yenu ni nzuri, hesabu ndiyo inayowaangusha

Kila siku ya mwisho ya maombi inapokaribia, rasimu zinazozunguka kwa wanafunzi zinarudia makosa yale yale. Swali lina uzito, utangulizi umeshiba, michoro imepangwa vizuri. Kisha unafika sehemu ya kiufundi na kukuta sentensi moja: "Tunaomba saa 5 ili tupate uwiano mzuri wa ishara na kelele." Mzuri kiasi gani, yaani mwanga wa kitu uzidi kelele ya data mara ngapi, na kwa nini 5, si 2 wala 9? Mhakiki ana lundo la maandiko mezani na muda hautoshi. Kwa JWST, darubini ya angani ya James Webb, saa zilizoombwa katika Mzunguko wa 4 wa maombi zilikuwa takribani mara 9 ya zilizokuwepo. Andiko lenye saa zisizo na maelezo ndilo rahisi kuliko yote kuliweka pembeni, na inauma kuona swali zuri linakufa hivyo. Basi, wadogo zetu, someni haya kabla ya kufungua fomu.

1. Anzeni na kipimo, darubini ije baadaye. "Tunataka kuichunguza galaksi hii kwa VLT" (darubini kubwa za Ulaya kule Paranal, Chile) ni hamu tu, haijawa hoja. Semeni mnapima nini, kwa uhakika gani, na kwa nini uhakika huo ndio unaotenganisha nadharia A na nadharia B. Kama ni kasi ya gesi, spektrografu (kifaa kinachotawanya mwanga kwa rangi) yenye R, yaani uwezo wa kutenganisha, ya 5,000 hutenganisha km 60 kwa sekunde. Mstari wa spektra wenye ishara mara 10 ya kelele utawapa kitovu chake kwa kilomita chache tu. Hapo mhakiki anaona mnyororo mzima: swali, kipimo, uhakika, uwiano, muda. Pete moja ikikosekana, saa zenu zinaning'inia hewani.

2. Hakikisheni kitu kinaonekana. Mnaoomba kupitia vyuo vya Afrika Kusini mtakutana na SALT, darubini kubwa iliyoko Sutherland, na darubini hii ina tabia yake. Kioo chake cha vipande 91, karibu mita 11 kwa 10, hakiinuki wala hakiinami. Kimeegama nyuzi 37 kutoka utosini, yaani kutoka juu kabisa ya kichwa. Muundo wote hugeuzwa kuelekea upande unaotakiwa, unatulia hapo, na kifaa kilicho juu yake ndicho kinachofuata nyota kwa takribani nyuzi 6 kila upande. Kwa hiyo kinachoonekana ni pete ya anga tu, kati ya nyuzi 31 na 43 kutoka utosini. Sutherland iko nyuzi 32.4 kusini. Pandeni nyuzi 43 kwenda kaskazini mnapata deklinasheni (latitudo ya anga) ya +10.6; shukeni 43 mnapata -75.4. M87, galaksi kubwa ya kundi la Virgo, iko +12.4. Haionekani SALT, iwe Januari au Julai, na hakuna hoja ya kisayansi itakayoisogeza. Hata kitu kilichomo ndani ya mipaka hupita kwenye pete mara moja mashariki na mara moja magharibi, na kwa vingi kila mpito hauzidi sana saa moja. Anayeandika "saa 3 mfululizo" anaonyesha kwamba hajasoma mwongozo. Na kwa sababu eneo la kioo linalotumika hubadilika kitu kinapofuatwa, SALT haifai kwa kupima mwangaza kamili. Kama mnauhitaji, pangeni mapema picha za darubini nyingine za kusawazishia.

Kuhusu majira, kuna hesabu ya kichwani: usiku wa manane wa tarehe 21 Machi, RA 12 (RA ni longitudo ya anga, kwa saa) iko juu, ongezeni 2 kwa kila mwezi. Juni ni RA 18, Septemba ni 0, Desemba ni 6. Kitovu cha galaksi yetu kiko karibu na 17.8, kwa hiyo ni kitu cha Juni. Orion, yenye 5.6, ni ya Desemba. JWST ina sheria yake. Inaangalia tu vitu vilivyo kati ya nyuzi 85 na 135 kutoka kwenye Jua, na kitu kilicho karibu na njia ya Jua hupata madirisha mawili tu kwa mwaka, ya siku 50 hivi kila moja.

3. Kikokotoo cha muda, yaani fomu ya mtandaoni inayokadiria saa mnazohitaji. Hapa tulieni, maana hapa ndipo maandiko mengi yanapovunjikia, na aliyeliandika hajui hadi barua ya kukataliwa ifike. Mbaya zaidi ni pale barua ya kukubaliwa inapofika na data kuja tupu.

Kikokotoo hujibu kilichoulizwa, kwa usahihi kabisa. Shida iko kwenye kuuliza. Chukueni galaksi yenye magnitudo 20 (kipimo cha mwangaza; namba ikikua, kitu ni hafifu zaidi) kwenye kichujio cha K, cha infraredi. Namba hiyo imetoka kwenye katalogi ya infraredi inayotumia mfumo wa Vega (sifuri yake ni nyota Vega), kama 2MASS na nyingine nyingi. Kwenye fomu, kisanduku cha mfumo kimewekwa AB, mfumo wenye sifuri nyingine. Mwanafunzi anaandika 20, anabonyeza, anaambiwa saa 1 inatosha kufikia ishara mara 10 ya kelele, anaenda kulala kwa furaha. Lakini kwenye K, 20 ya Vega ni 21.85 ya AB. Fomu imeambiwa kwamba galaksi inang'aa mara 5.5 kuliko ilivyo. Na kwenye K kelele karibu yote inatoka angani penyewe, si kwenye galaksi, kwa hiyo muda unaohitajika unapanda kwa kipeo cha pili: 5.5 mara 5.5, yaani 30. Ile saa 1 ni saa 30. Wakimpa saa 1 aliyoomba, atapata uwiano usiofika hata 2, mahali ambapo hoja yake yote ilisimama juu ya 10. Nafasi ya muhula mzima imeondoka, na jopo lijalo litataka kujua data ya kwanza ilizaa nini. Kosa likigeuka upande wa pili, yaani 21.85 ya AB ikaingizwa kama Vega, mtaomba mara 30 ya mnachohitaji, na mhakiki anayejua kifaa ataona papo hapo.

Kosa hili linadumu kwa sababu kwenye V, kichujio cha mwanga unaoonekana, mifumo hii miwili inatofautiana kwa sehemu chache tu za mia za magnitudo. Aliyezoea mwanga wa kawaida hajawahi kuadhibiwa. Akihamia infraredi tofauti ni 0.9 kwenye J, 1.4 kwenye H na 1.85 kwenye K, na hakuna taa nyekundu inayowaka. Andikeni mfumo pembeni ya kila magnitudo, kuanzia jedwali la kwanza la rasimu hadi fomu ya mwisho.

Kisanduku cha pili chenye hatari ni cha umbo. Galaksi yenye magnitudo 20 kwa jumla, ikitandazwa kwenye sekunde za tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya nyuzi) za mraba 10, ina 22.5 kwa kila sekunde ya mraba. Ukiiingiza kama nukta umeidanganya mashine, na mashine itakuamini. Cha tatu ni uwiano wenyewe: ni kwa kila pikseli au kwa kila kipande cha utenganisho, yaani upana mdogo kabisa ambao kifaa kinaweza kutenganisha? Kipande kikiwa na pikseli 4, uwiano wa 10 kwa pikseli ni 20 kwa kipande, na tofauti hiyo ni muda mara 4. Cha nne ni utulivu wa hewa. Sekunde za tao 0.8 utosini zinakuwa 1.2 kitu kikiwa chini kiasi cha kutazamwa kupitia unene wa hewa mara 2, na mwanya wa spektrografu wa 0.7 unaacha nje sehemu kubwa ya mwanga mlioulipia.

Namba mbili ziwe kichwani. Pale kelele ya anga inapotawala, kuongeza uwiano mara 2 kunadai muda mara 4, na kitu hafifu kwa magnitudo 1 kinadai muda mara 6.3. Kwa hiyo jiulizeni kwa dhati kama sayansi yenu inahitaji 10 au 7 inatosha, maana kushuka kutoka 10 hadi 7 kunakata nusu ya muda, na andiko la saa 4 lina mahali pa kuingia kwenye ratiba ambapo la saa 8 halina. Halafu kipimeni kikokotoo chenyewe: tafuteni kwenye hifadhi ya data kitu kilichokwisha kuangaliwa kwa kifaa hicho hicho, ingizeni magnitudo na muda wake, mlinganishe jibu na spektra halisi. Na kwenye andiko wekeni kila mlichokiingiza (magnitudo na mfumo, umbo, kiolezo cha spektra, mwanya, hewa, Mwezi) ili mhakiki aweze kurudia hesabu na kupata namba ile ile.

4. Muda wa mwanga na muda wa darubini ni vitu viwili. VLT hutumia dakika kama 6 kugeuka na kuanza kufuatilia, kisha kuna kuweka kitu kwenye mwanya na kusoma data, na bloku (kifurushi kimoja cha uangalizi) ya kawaida inayofanywa na wafanyakazi wa Paranal haipaswi kuzidi saa 1 pamoja na hayo yote. Vitu 30 vya dakika 2 kila kimoja ni saa 1 ya mwanga. Ongezeni dakika 10 za kulenga kwa kila kimoja, mmefika saa 6. Kwenye infraredi, kama mnatoka nje ya kitu ili kupima anga tupu, nusu ya muda ni ya anga.

5. Msiombe usiku wa giza pasipo lazima. K haijali sana Mwezi, na kila sharti mnaloongeza linapunguza usiku mnaoweza kupangiwa.

6. ALMA, mtandao wa antena za redio kule Chile: antena zikitandazwa hadi kilomita 16 mtapata maelezo madogo, lakini gesi iliyotanda itapotea, kwa hiyo angalieni ukubwa wa juu unaonaswa, si mdogo tu.

7. Kagueni hifadhi za data kwanza. Ombi la kurudia kilichokwisha kupigwa hukataliwa.

8. Majina yenu yasionekane. Hubble ilianza uhakiki usioonyesha majina mwaka 2018 na wengine wakafuata. "Kama tulivyoonyesha" inakuwa "kama ilivyoonyeshwa." Kwenye ALMA, kila anayeomba husambaziwa maandiko 10 ya wenzake ayahakiki, asiyerudisha, ombi lake linaondolewa. Maana yake anayewasoma huenda anafanya kazi ya sayari na nyinyi mnaandika juu ya mashimo meusi. Ukurasa wa kwanza uandikeni kwa ajili yake.

9. Matukio ya ghafla yanahitaji masharti yaliyoandikwa mapema: nini kikitokea mtaita, ndani ya saa ngapi, mara ngapi kwa muhula. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano ya GW170817, kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, yalipofika, chanzo chake kilipatikana saa 11 hivi baadaye ndani ya galaksi ya NGC 4993, kwa darubini ya Swope ya mita 1 kule Las Campanas, Chile. Galaksi hiyo ilikuwa ikizama mapema jioni, kwa hiyo kila kituo kilikuwa na dirisha jembamba tu baada ya Jua kutua. SALT ilipata spektra jioni ya tarehe 18, na kitu kilikuwa kinabadilika rangi siku hadi siku; aliyechelewa usiku mmoja alipima kitu kingine. Muda wa hiari wa mkurugenzi upo kwa mambo kama haya, na wakati mwingine kwa mambo makubwa ya aina yake. Robert Williams aliutumia mwaka 1995 kuielekeza Hubble kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu kwa siku 10, na galaksi zipatazo 3,000 zikajitokeza. Haupo kwa aliyepitwa na tarehe.

10. Saa. ALMA kwa kawaida hufunga saa 15:00 UT, yaani saa 12 jioni Nairobi na Dar es Salaam. ESO, shirika linaloendesha VLT, hufunga adhuhuri ya Ujerumani, ambayo kwetu ni saa 7 mchana wakati wao wako kwenye saa za kiangazi na saa 8 wakati wa baridi. JWST ikifunga saa 2 usiku ya Baltimore, Marekani, inakosimamiwa, mwezi Oktoba, kwetu ni saa 9 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Mifumo yote hii inaruhusu kutuma upya hadi mlango ufungwe, kwa hiyo toleo la kwanza litumeni siku 2 kabla, hata kama halijakamilika, ili umeme ukikatika siku ile kuwe na kitu ndani.