Mkuu, pitisha sumaku kwenye hilo bamba kabla hujalipia paneli

Ipigie simu hiyo karakana sasa hivi, waambie wasipakie paneli kwenye gari. Sababu inafuata.

Kwa mnaoingia sasa: mleta uzi anajenga jengo la biashara la ghorofa sita. Transfoma ya kVA 500 iko uani, na anataka kuvuta kebo za shaba za koa moja moja (kila kebo ina waya mmoja tu ndani), mm² 300, mbili kwa kila fezi na mbili za nyutro (njia ya umeme kurudi), hadi paneli kuu, yaani kabati la kugawia umeme. Kauliza kama saizi inatosha, kama ahamie alumini aokoe hela, apime nini kabla ya TANESCO kuwasha, nani anatakiwa kusaini, na jenereta iunganishwe vipi. Halafu, kama pambo tu, katuwekea picha ya paneli ikiwa bado karakana. Chini kabisa kuna bamba la chuma lenye matundu manane ya duara, kila kebo na tundu lake, kila tundu na glandi yake (kibanio cha kebo) ya brasi inang'aa. Wachangiaji hapo juu wamemwandikia "kazi safi mkuu". Safi ipi?

Shika hili, mengine ukiyasahau sitakulaumu: fezi tatu na nyutro yake zinapita kwenye chuma kwa tundu MOJA. Kama haziwezi kukaa tundu moja, basi bamba hilo lisiwe la chuma.

Kwa nini? Chukua klampu mita yako, ile yenye taya za kukamatia waya na kusoma ampea. Kamata kebo nyekundu peke yake, itakusomea ampea zote zinazopita. Sasa kamata nyekundu, njano, bluu na nyeusi kwa pamoja, yaani fezi tatu na nyutro yake: itasoma sifuri au karibu na hapo, kwa sababu mikondo inayokwenda na inayorudi inafutana, na usumaku wake unafutana vile vile. Taya za klampu mita ni chuma kinachozunguka waya, basi. Bamba la chuma lenye tundu la kebo moja nalo ni taya zilizobanwa moja kwa moja. Usumaku wa kebo hiyo hauna wa kuufuta, unajikusanya ndani ya chuma, na kwa umeme wetu wa hezi 50 unageuka mwelekeo mara 100 kila sekunde. Kila ukigeuka unazalisha mikondo inayozunguka ndani ya bamba lenyewe. Mikondo hiyo haiwashi taa wala haizungushi feni. Inapika bamba.

Najua kwa sababu nimelipia. Lilikuwa jengo la maduka chini na ofisi juu, hapa hapa Dar, nami ndiye mkandarasi wa umeme chini ya mkandarasi mkuu. Kebo zilikuwa za koa moja, mm² 240. Paneli ikaja na bamba la chuma la milimita tatu, limepigwa rangi ya kijivu, matundu yamepangwa kwa rula. Nikapitisha kebo moja baada ya nyingine, nikabana glandi, lagi (vichwa vya kufungia kebo kwa boliti) nikazifinya kwa mashine ya haidroliki, boliti nikazikaza kwa spana ya toki. Picha ninazo hadi leo na bado zinapendeza, ukweli usemwe.

Nikapima. Mega (kipima uzima wa ganda la kebo) ya volti 500, fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi, yaani waya wa ardhini. Kanuni inataka isipungue megaomu 1, mimi nilikuwa nasoma mamia. Mfuatano wa fezi sawa, ethi sawa. Mkaguzi akaja, akapitisha, akaenda zake. Nikiwasimulia mafundi wenzangu, hapa ndipo wanaponibishia: katika vipimo vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachoweza kulionyesha kosa hili. Mega inapima ganda la kebo, na siku hiyo ganda lilikuwa zima. Kosa lenyewe linasubiri ampea. Jengo likiwa na taa za ngazi na pampu ya maji tu, ungeweza kuegemea lile bamba ukalala.

Wapangaji wakaingia. Maduka kwanza, kisha duka kubwa lenye majokofu ya samaki, kisha ofisi na viyoyozi vyake, na jua la Januari mnalijua. Lodi ikapanda hadi ampea 300 na ushee kwa fezi. Mlinzi ndiye aliyelalamika: chumba cha umeme kinanuka. Nikaja, nikafungua, nikaangalia juu, maana fundi akinusa plastiki anakimbilia kwenye lagi. Lagi zilikuwa na uvuguvugu wa kawaida. Nikazikaza upya. Harufu ipo. Nikamfokea kijana aliyezifinya (dogo, kama unasoma hapa, hukuwa wewe). Nikaweka feni. Feni, wakuu! Paneli inaungua, mimi naipepea. Nikaanza hadi kutangaza kwamba tumepigwa kebo feki, na muuza kebo akaninunia hadi kesho.

Siku niliyoinama na tochi ndipo nilipoona. Kuzunguka kila tundu, ile rangi ya kijivu ilikuwa imegeuka kahawia, duara kamili, na vifuniko vya plastiki vya glandi vimelegea vikaning'inia. Kipima joto cha miale, kile cha kupimia bila kugusa, kwenye bamba kikasoma zaidi ya nyuzi 100. Kebo ile ganda lake limeundwa kuvumilia nyuzi 90, na nilikuwa nimeliacha limekumbatiana na chuma hicho tangu wapangaji waanze kuingia. Ukiligusa lilikuwa gumu na limepasuka vinyufa.

Kubadili bamba peke yake ni kazi ya mchana mmoja. Kilichoniua ni urefu. Kebo nilikuwa nimezikata kwa kipimo kamili, hata nusu mita ya akiba hakuna, kwa vile msimamizi wa mradi alikuwa anahesabu shaba kwa sentimita. Ukiondoa kipande kilichoungua, kebo haifiki kwenye basiba, vile vipande vya shaba ndani ya paneli vinavyofungwa kebo. Kuunga mm² 240 mle ndani, mhandisi mshauri akakataa katakata. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kuna kanuni. Basi zikang'olewa zote, zikavutwa mpya kutoka transfoma. Umeme umezimwa wikiendi nzima, jenereta ya kukodi haikutosha majokofu, samaki wakaharibika, na bili yao nikaletewa kilo kwa kilo, changu mbali, nguru mbali. Gari yangu, Noah, ikaondoka hapo. Siku hizi nikiulizwa mbona napanda mwendokasi najibu daktari kaniambia nitembee.

Na hao walioniingiza? Yule wa karakana alikuwa ananiambia, mkono kiunoni, "kila kebo na tundu lake, ndiyo kazi ya kisasa". Nusu ya karakana ile ile anachomelea mageti. Sina ugomvi na mageti, geti halina fezi tatu. Lakini ukikubali kuunda paneli ya ampea 800, jua kinachopita ndani yake. Mshauri ndiye ananichoma zaidi. Mchoro una muhuri wake. Alikuja saiti na kofia yake nyeupe, akazunguka paneli, akauliza kwa nini lebo mbili zimekaa upande. Lebo! BS 7671, kanuni za Kiingereza za kufunga umeme, ambayo mwenyewe aliiandika kwenye masharti ya kazi, kifungu cha 521.5, kinasema wazi kwamba kwenye boksi la chuma nyaya za sakiti moja zizungukwe na chuma zikiwa pamoja, wala si mmoja mmoja. Ada yake alichukua yote. Mimi nilikuwa na leseni mfukoni na sikukisoma pia, lakini hapa tunawajadili wao.

Basi fanya hivi. Nenda karakana na sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji. Usiamini macho, rangi inaficha. Igusishe kwenye bamba. Ikishika, bamba hilo halifai. Waambie waweke la alumini, nene kidogo lisipinde kwa uzito wa kebo, hapo matundu yako manane unaweza kuyaacha yalivyo. Kama wanang'ang'ania chuma, basi watoboe dirisha moja kwa kila kundi la kebo nne. Kuna njia ya tatu ya wazee: kukata mfereji mwembamba kwa msumeno kutoka tundu hadi tundu la kundi moja, ili ile duara ya chuma ivunjike, kisha kuziba kwa kitu kisicho cha sumaku. Inafanya kazi, ila bamba linadhoofika na panya wa mjini hawahitaji mwaliko. Mimi ningeenda alumini.

Na usiishie kwenye paneli. Ukutani, mahali kebo zinapoingia chumba cha umeme, mwashi atataka kukuwekea vipande vya bomba la chuma, kimoja kwa kila kebo. Mkatalie. Bomba la plastiki, au tundu moja la kundi zima. Vishikizo vinavyozunguka kebo moja visiwe vya chuma. Chukua vya plastiki au alumini. Trei ya chuma chini ya kebo haina neno kwa sababu haizunguki. Akitokea muuzaji wa kukuuzia kebo ya koa moja yenye koti la nyaya za chuma, akisema ni imara zaidi, mfukuze. Kebo ya koa moja kwa umeme huu koti lake ni nyaya za alumini au haina kabisa.

Sasa makundi. Wewe una kebo mbili kwa fezi, na kwenye picha yako naona fundi kapanga matundu ya nyekundu yote upande mmoja, ya njano katikati, ya bluu upande wa pili. Inavutia, na ni balaa lile lile kwa mlango mwingine. Kundi la kwanza liwe nyekundu, njano na bluu zimeshikamana pembetatu, nyeusi pembeni yake. Kundi la pili hivyo hivyo. Urefu ulingane, la sivyo kebo moja itabeba mzigo wa mwenzake. Na zifungwe imara kila baada ya umbali mfupi: siku ya shoti kebo hizo zinarushana kwa nguvu ambayo tai za plastiki haziiwezi.

Saizi yako inatosha. Transfoma ya kVA 500 kwa volti 400 inatoa ampea 722 ikijaa, na mm² 300 mbili kwa fezi zinabeba hiyo hata ukizipunguzia uwezo kwa ajili ya joto la Dar na kurundikana. Hapo ulikuwa na wasiwasi bure huku hatari imekaa miguuni mwa paneli.

Alumini inakubalika, watu wanaitumia. Haipitishi umeme sawa na shaba, ni kama asilimia 60 tu, kwa hiyo utapanda saizi, kebo zitanenepa, matundu yatakua. Lagi ziwe zile za alumini upande wa kebo na shaba upande wa boliti, na uisugue kebo kwa brashi na kuipaka grisi yake kabla ya kufinya. Lakini mkuu, kebo ya alumini ndani ya tundu la chuma la peke yake inapika bamba vile vile. Chuma hakijali kebo yako ni ya madini gani, kinajali ampea.

Vipimo: mega piga kebo ikiwa bado kwenye gurudumu lake, piga tena baada ya kuvuta, na tena baada ya kufunga lagi, huku umeondoa vifaa vya kielektroniki na vizuia radi. Mfuatano wa fezi hakiki kabla lifti na pampu hazijaunganishwa. Halafu kile kipimo ambacho mimi sikukifanya: jengo likishaingia watu, rudi saa ya lodi kubwa, alasiri viyoyozi vikiwaka, na kipima joto cha miale. Pima lagi, kisha INAMA upime bamba. Weka klampu kwenye kundi zima pia. Usomaji ukiwa ampea kumi na kitu badala ya sifuri, ama makundi yako mawili hayagawani mzigo sawa, ama kuna nyutro imegusa ethi mahali. Itafute kabla hujasaini chochote. Na acha akiba ya kebo, mzunguko mmoja wa maana kwenye shimo chini ya paneli. Msimamizi akilalamika, mtumie uzi huu.

Jenereta: fungua kisanduku cha nyaya kwenye alternata yake, ile sehemu inayozalisha umeme. Mara nyingi kiwandani wanaweka bamba la alumini pale, na mafundi wetu wakiona limetobolewa vibaya wanalitupa na kuchonga la chuma. Nenda nayo ile sumaku.