Maswali yenu: damu imemwagika ndani ya nyumba, bima inalipa?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, na ni nzito. Mtu ameuawa au amefia ndani, polisi wameondoka, na familia imeachiwa sakafu ya kusafisha. Nimechagua chache. Majina nimeyaacha.

Majambazi walituvamia hapa Houston, kaka yangu akapigwa risasi sebuleni. Polisi walimaliza kazi yao wakaondoka, damu wametuachia. Kina mama wa kanisani wanataka kuja na ndoo na jiki. Je, bima ya nyumba inahusika?

Pole sana dada, wewe na nyumba nzima. Ndiyo, inahusika. Wenye nyumba wengi Marekani wana mkataba wa aina inayoitwa HO-3. Kwa upande wa jengo, mkataba huo hulipia kila uharibifu wa ghafla isipokuwa ule uliokatazwa kwa maandishi, na kwa kawaida damu ya mtu aliyeuawa haimo kwenye makatazo. Vitu vya ndani vina utaratibu mwingine: hulipiwa pale tu kisababishi kimetajwa, kama moto, wizi au uharibifu wa makusudi. Ndiyo maana sakafu na ukuta havina ubishi mkubwa, ila kochi na zulia la kutandika vinaweza kukuletea maswali. Ripoti ya polisi ndiyo itakayokubeba hapo, kwa hiyo tafuta nambari yake leo. Kumbuka pia kuna kiasi utakachotoa mfukoni kwanza, mara nyingi dola 1,000 au zaidi, ndipo kampuni ianze kulipa.

Kina mama washukuruni, wawapikie chai na chakula cha msiba, lakini ndoo zibaki nje. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata damu ikiwa imekauka. Halafu damu haikai juu. Inapenya zulia, inanywewa na sponji ya chini yake, inaingia kwenye mbao. Jiki itang'arisha juu, na wiki ya pili harufu itawarudia. Wanaofanya kazi hii kwa malipo wanalindwa na kanuni ya usalama kazini ya mwaka 1991: mwajiri lazima awape vifaa vya kujikinga na chanjo ya homa ya ini B bila kuwatoza. Kina mama wetu wana kanga na moyo mzuri tu.

Piga picha, piga simu kwa bima, kisha mafundi waingie. Na ulizia mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu. Kila jimbo linao, na tangu sheria ya mwaka 1984 serikali kuu inauchangia. Huko Texas uko chini ya ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mfuko huu hulipa wa mwisho, baada ya bima, kwa hiyo tunza barua zote za bima na kila risiti.

Mume wangu alijitoa uhai nyumbani. Shemeji anasema nisijisumbue, bima hailipi mtu akijiua.

Pole mno, mama. Shemeji anachanganya mambo. Kifungu cha kujiua anachokisikia ni cha bima ya maisha, na hata huko kwa kawaida kinahusu miaka miwili ya mwanzo tu. Bima ya nyumba ina katazo lake kuhusu hasara ya makusudi, linalomlenga mtu anayekusudia kuharibu mali. Mumeo hakukusudia kuharibu sakafu. Makampuni mengi hulipa. Yako ikikataa, idai sababu kwa maandishi pamoja na kifungu chenyewe, kisha upeleke malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo lako. Huhitaji wakili kwa hatua hiyo. Mfuko wa waathirika, kwa bahati mbaya, usiutegemee, kwa kuwa kujiua hakuhesabiwi kuwa uhalifu uliotendewa.

Jirani yangu kwenye ghorofa alifariki peke yake, akakaa siku nyingi bila kugundulika. Majimaji yamepenya hadi kwangu. Fleti ni yangu, nimeinunua.

Kuna kesi ya Florida inayofanana na yako kama pacha, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2014. Mwili wa jirani ulioza, majimaji yakaingia kwa mama mmoja. Vitu vyake vya ndani vilikuwa na ile orodha ya visababishi vilivyotajwa, na kuoza kwa maiti hakumo. Kilichokuwamo ni mlipuko. Basi mawakili wake wakasimama kudai kwamba mwili unapooza hujaa gesi na kupasuka, kwa hiyo ulilipuka. Majaji hawakukubali. Mimi sishangai, ingawa nawavulia kofia mawakili kwa ujasiri.

Lakini kilichomwangusha zaidi ni karatasi: hakuwasilisha taarifa ya hasara iliyoapiwa, ambayo mkataba uliitaka. Wewe iombe fomu hiyo kwa kampuni yako wiki hii, ijaze, uapishwe, ubaki na nakala. Peleka dai kwa bima yako kwanza, kisha uandikie uongozi wa jengo, maana kuta na sakafu za pamoja huwa chini ya bima yao.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba anataka nilipe kusafisha baada ya mgeni wangu kuchomwa kisu.

Jengo ni lake na bima ya jengo ni yake. Bima yako ya upangaji, kama unayo, inahusu vitu vyako na madai ya watu wengine dhidi yako. Usikubali kwa mdomo kwamba unadaiwa. Mwambie aandike.

Polisi walimfuata mhalifu nyumbani kwangu, wakavunja madirisha na kurusha gesi ya machozi. Nani atalipa?

Anza na bima yako, usiisubiri halmashauri. Mwaka 2015 huko Greenwood Village, Colorado, mwizi wa dukani aliyekuwa na silaha alijificha kwenye nyumba ya watu asiowajua. Polisi waliizingira kwa muda wa saa 19, nyumba ikabaki magofu. Mji ulijitolea kumpa mwenye nyumba dola 5,000 tu. Alishtaki, mahakama ya rufaa ya shirikisho ikamkatalia mwaka 2019, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Bima yake ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya kilicholipwa. Kwangu mimi huo ni uonevu, ila ndivyo sheria ilivyosimama kwake.

Wapangaji wangu walikuwa wanapika dawa za kulevya ndani.

Hapa jiandae kwa jibu baya. Mikataba mingi inakataza uchafuzi wa kemikali, moshi na mvuke ukitajwa waziwazi. Peleka dai hata hivyo, hasa kwa milango na kuta zilizovunjwa, maana hizo ni hoja tofauti.

Kampuni ya usafi imefika kabla hata ya mazishi, inataka nisaini kwamba itadai yenyewe kwa bima. Niko Orlando.

Usisaini. Karatasi hiyo inawahamishia haki yako ya kudai, na Florida imeipiga marufuku kwa mikataba ya bima ya nyumba iliyotolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Angalia mkataba wako ulianza lini. Waombe makadirio ya bei kwa maandishi, chumba kwa chumba, uyapeleke kwa mkaguzi wa bima kabla hawajang'oa ubao hata mmoja. Wakikataa kuandika, wapo wengine.