Bega linanigomea nikipaka dari

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi rangi, Tanga, miaka 47. Nikiinua mkono wa kulia kwa ubavuni, maumivu yananikamata njiani. Ukishapita juu kabisa, yanatulia. Usiku siwezi kulalia upande huo. Jirani anasema bega limeteguka, livutwe.

JIBU: Marahaba, fundi. (Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo, ila nimeshazoea.) Usikubali kuvutwa! Bega lililoteguka lisingekuruhusu hata kushika rola.

Weka chungwa juu ya kifuniko cha soda. Ndivyo kichwa cha mfupa wa mkono kilivyokaa kwenye kombe la bega. Kishimo chake hakina kina, ingawa pete ya gegedu ukingoni inakiongezea kidogo. Ndiyo maana mkono unazunguka kote. Wanaolishika chungwa lisidondoke ni misuli minne itokayo kwenye kombe, kano zake zikikumbatia kichwa cha mfupa.

Sasa papasa juu ya bega lako, utagusa ncha ngumu ya mfupa. Kano moja hupita chini yake, na kati yao kuna kifuko chembamba cha majimaji. Nadhani hapo ndipo pana msuguano: mikono juu kutwa nzima.

Panda ngazi, dari likusogelee, na uende hospitali upimwe na ufundishwe mazoezi. Siku mkono ukikataa kabisa kuinuka, usingoje kesho.