Asilimia ya wasiojua kusoma na kuandika ikishuka, je, pengo limepungua?

Swali: Ninaandaa taarifa ya mradi wa elimu ya watu wazima. Sensa mbili zilizopishana miaka 10 zinaonyesha kwamba asilimia ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika imeshuka. Je, naweza kuandika kwamba ukosefu wa usawa umepungua?

Jibu: Kwa takwimu hiyo peke yake, hapana. Katika hesabu za kimataifa mtu mzima ni yeyote aliyetimiza miaka 15, kwa hiyo ndani ya miaka 10 vijana waliopita shuleni huingia katika hesabu, na wazee walionyimwa nafasi hiyo hutoka kwa kufariki dunia. Asilimia hushuka hata kama hakuna mtu mzima aliyefundishwa. Fuatilia rika lilelile: waliokuwa na miaka 25 hadi 34 katika sensa ya kwanza walinganishe na wenye miaka 35 hadi 44 katika sensa ya pili, huku ukizingatia uhamaji. Kwangu hiki ndicho kipimo cha haki, kwa maana mama anayetia dole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma hafaidiki na wastani uliopandishwa na vijana.

Chunguza pia swali lilivyoulizwa. Mara nyingi katika sensa mtu mmoja huwajibia wote wa kaya yake, na aibu huwafanya wengine waseme wanajua. UNESCO mwaka 1958 ilimtaja anayejua kusoma na kuandika kuwa ni yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku, jambo ambalo jibu la ndiyo au hapana haliwezi kulithibitisha. Tafiti za kaya zinazompa mhojiwa kadi yenye sentensi fupi aisome zinaaminika zaidi, ingawa hazipimi kuandika.

Kuhusu pengo lenyewe, tenganisha takwimu kwa jinsia, makazi na kipato kwa pamoja, kwani duniani wanawake ni karibu theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, na anayeathirika zaidi kwa kawaida ni mwanamke maskini wa kijijini, ambaye wastani wa wanawake wote humficha. Kisha toa tofauti na uwiano, vyote viwili. Tuseme wasiojua kusoma wameshuka kutoka asilimia 40 hadi 20 miongoni mwa maskini, na kutoka 10 hadi 2 miongoni mwa matajiri: tofauti imepungua kutoka pointi 30 hadi 18, lakini maskini, aliyekuwa na uwezekano mara 4 zaidi wa kutojua kusoma, sasa anao mara 10. Taarifa inayotaja tofauti pekee itakuwa imemnyima msomaji nusu ya ukweli.