Uliza Tukujibu: Tanga ilikuwa ya viwanda kweli au mzee ananipiga fiksi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimehamishiwa Tanga kikazi, huu mwezi wa pili. Baba alifanya kazi kiwandani huku miaka ya 70, kila siku anatuambia Tanga ilikuwa mji wa viwanda wa pili baada ya Dar, mimi naona baiskeli na utulivu tu, saa mbili usiku mtaa umeshalala. Tena ile stori ya nyuki kuwafukuza Waingereza ni kweli? — Msomaji wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu, karibu Tanga, waja leo waondoka leo, ingawa wewe naona utaishia kununua kiwanja Mwahako kama wenzio waliosema wanakuja miaka miwili tu.

Baba hajakupiga fiksi. Ila habari haianzi na kiwanda, inaanza na jani. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, safari ikaiua karibu yote, iliyopona mpaka huku pwani ni 62. Hiyo 62 ndo bibi wa mashamba yote unayopita ukienda Muheza na Korogwe. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutokea hapahapa Tanga, 1911 ikafika Moshi, basi mzigo ukapata njia ya kushuka bandarini.

Mkonge wenyewe ukishakatwa haukai, unawahishwa kwenye korona, ile mashine inayoparua nyama ya jani zikabaki nyuzi tupu, zinaoshwa halafu zinaanikwa kwenye waya shamba zima kama nguo za harusini. Maji yake yanawasha ngozi balaa, na harufu ya makapi, we pita na basi dirisha likiwa wazi utanikumbuka. Kazi hiyo walifanya manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Burundi, Songea mpaka Msumbiji, ndo maana leo unakutana na Mmakonde wa Tanga anayeongea Kidigo kuwashinda Wadigo.

1964 nchi ilitoa tani kama 230,000 za katani, ndo hizo nyuzi za mkonge zinazosokotwa kamba. Halafu ikaja kamba ya plastiki, ambayo haingoji mvua wala manamba, bei ikaporomoka. Kuna wanaolaumu Azimio la Arusha na utaifishaji wa 1967 peke yake, mi nakataa, bei ilishaanza kushuka kabla, japo usimamizi wa baadaye nao sitautetea. Hivyo viwanda anavyovisema baba, mbolea, chuma, sabuni ya Foma, vilikuwepo na vilivuma kweli, ila miaka ya 80 nchi haina fedha za kigeni, kifaa kikivunjika mashine inalala, miaka ya 90 vingine vikauzwa vingine vikafungwa, wazee wakarudi nyumbani.

Si kwamba vyote vimekufa lakini. Saruji ya Pongwe ipo, inatokana na mawe ya chokaa ambayo huku ni tele (mapango ya Amboni ni chokaa hiyohiyo), maziwa ya Tanga Fresh bila shaka unayanywa. Bandarini zamani meli kubwa inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo uletwe gatini, yaani kazi moja mara mbili, sasa wamechimba kina mpaka mita 13 meli inafunga gatini yenyewe. Na Chongoleani ndo mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443.

Nyuki sasa. Ni kweli, Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuja na askari kama 8,000, wengi Wahindi, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa nao kama 1,000 tu, wengi wao Waafrika. Risasi zikawachokoza nyuki, wakatoka wakauma wote, hawakuuliza wewe wa Mfalme au wa Kaiser! Waingereza wakakimbilia melini wakaacha silaha kibao, wakadai Mjerumani kawafundisha nyuki wake. Lakini kabla ya kushuka walishapiga hodi, nahodha wao alienda kuwaambia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, kwahiyo wenyeji wakapata muda wa kuleta askari kwa treni, reli ileile ya mkonge. Ukienda kuogelea Raskazone jioni, ndo hukohuko waliposhukia.